Tarehe Ngapi, Mama?

"Mama, samahani, mshahara mwezi huu ni tarehe ngapi?"

Ilikuwa Julai 2022, saa kumi na moja alfajiri, bajaji ya kwanza imeshapakiwa na ya pili inasubiri skonzi zipoe. Aliyeuliza ni binti wa kufungasha, na aliuliza huku ameinamia mikate, hanitazami usoni. Nikampa jibu nililokuwa nimelizoea kwa miezi mitatu: "Wiki hii hii mwanangu, vuteni subira." Akasema, "Haya Mama," akaendelea kufunga. Nikaingia zangu ofisini, nikaona suala limekwisha.

Ofisi yenyewe ni stoo yenye meza. Na kiwanda, kama tunavyokiita kwa majivuno, ni banda la matofali na bati huku Mbagala: tanuri moja la kuni, mashine moja ya kukandia, moja ya kukata slesi, na kwa wakati ule watu kumi na mmoja. Nilikianzisha baada ya kuacha kazi ya uhasibu mjini. Nilidhani mtu akishajua kufunga hesabu za mwezi basi ameshajua biashara. Wenzangu mliopo kwenye biashara chekeni tu, mimi mwenyewe nacheka siku hizi.

Vita ya Ukraine ilianza tarehe 24 Februari mwaka ule. Mtu wa Mbagala anaweza kuuliza vita ya huko inamhusu nini. Mwoka mikate hana nafasi ya kuuliza swali hilo. Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zikitoa zaidi ya robo ya ngano inayouzwa kati ya nchi na nchi duniani, na sisi, pamoja na mashamba yetu ya Hanang na Karatu, ngano nyingi tunayokula inashuka na meli. Kufika Aprili bei ya mfuko wa unga ilikuwa inabadilika kati ya oda moja na nyingine. Mafuta ya kupikia yalishatangulia kupanda. Mei petroli ikavuka shilingi 3,000 kwa lita hapa Dar es Salaam, Juni serikali ikaanza kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, na bado Agosti lita ikafika 3,410. Nilikuwa na bajaji mbili za kusambaza. Na mkate huwezi kuupandisha bei kila wiki. Nyanya ikipanda mteja ananung'unika na kununua. Bei ya mkate ameikariri tangu shule ya msingi, ukiigusa anakuona mwizi.

Tulikuwa tunakanda mifuko minane kwa usiku. Kufika Juni ikawa mitano. Na hiyo mitano sehemu kubwa ilikuwa inatoka kwa mali kauli: Mangi wa dukani anachukua leo, analipa akishauza, na Mangi naye wateja wake wanakopa mpaka mwisho wa mwezi. Hela yangu ikawa imelala kwenye madaftari ya maduka kuanzia Rangi Tatu mpaka Kongowe. Mshahara ukaanza kuchelewa. Mwezi wa kwanza siku tatu, wa pili tano, wa tatu tisa.

Nikafanya nini? Niliita mhamasishaji.

Niliwahi kusoma mahali kwamba nyakati ngumu zinataka kiongozi "awape watu ari". Basi nikakopa kidogo, nikapika pilau, nikanunua kreti mbili za soda, nikachapisha fulana kumi na moja za njano zenye maandishi SISI NI FAMILIA. Kijana akaja amevaa suti, katikati ya joto la tanuri, akatwambia kwamba umaskini unaanzia kwenye fikra. Fundi wa tanuri, mzee aliyenizidi miaka ishirini, alisinzia amekaa wima kama mtu aliye kwenye basi la mkoani. Mwisho wakapiga makofi, wakala, wakanishukuru. Wabongo tuna adabu.

Jumatatu iliyofuata fundi wa donge hakuja. Fulana aliiacha juu ya mashine ya kukandia, imekunjwa vizuri.

Kwa asiyejua kazi hii, nieleze fundi wa donge ni nani. Mashine inakanda, kweli, lakini mashine haijui kitu. Unga wa mzigo mpya hunywa maji tofauti na wa mzigo uliopita, hata kama mfuko una chapa ile ile. Februari, joto la Dar likichacha, donge linaumuka kabla hujamaliza kulikata, kwa hiyo anapunguza hamira na kuweka maji ya barafu. Mwezi wa saba kunapopoa anarudisha. Yule bwana alikuwa anachovya vidole, anavuta kipande mpaka kinakuwa chembamba, anakiangalia kwenye taa, kisha anasema "bado" au "toa". Hakuwa na mzani wa maneno mengine. Alipoondoka, kwa wiki mbili mikate yetu ilikuwa inalala. Inaingia kwenye tanuri imesimama, inatoka imebonyea katikati kama godoro la gesti. Maduka yalirudisha treya kwa treya. Nikipiga hesabu ya unga tulioutupa siku zile, plus fulana, plus mhamasishaji, ningeweza kumlipa fundi wangu kwa wakati kwa muda mrefu tu.

Nilikutana naye miezi miwili baadaye kituoni Zakhem. Nilijiandaa kusikia kwamba amepata dau kubwa. "Bosi, kule nalipwa pungufu kidogo," akaniambia. "Lakini kila Jumamosi saa nne ipo mkononi." Akapanda daladala.

Nililala na hiyo sentensi siku nyingi. Tukizungumza wenye biashara, mazungumzo yetu ni kiasi: nimwongeze ngapi, nimpunguze ngapi, jirani analipa ngapi. Wao kiasi wanakijua, walikikubali siku ya kwanza, na wanajua ni kidogo. Maisha yao yameshapangwa juu ya kile kidogo. Kinachowavuruga ni kutojua siku.

Na hapa nirudi kwa binti wa kufungasha.

Alfajiri moja ya Agosti nilimkosa kwenye meza yake. Nikamkuta stoo, amechuchumaa nyuma ya mifuko ya unga, simu ameizima, vumbi jeupe limemjaa mgongoni. Getini alikuwepo mama mmoja na vijana wawili, wanauliza anafanya kazi humu au hafanyi. Nikawaambia hayupo. Uongo wangu wa kwanza wa siku ile, na labda wa maana zaidi kuliko yote niliyosema mwaka ule.

Ilikuwa kausha damu. Wasomaji wa Bongo hawahitaji maelezo, lakini kwa mlio mbali: ni mikopo midogo ya haraka, ya mtaani au ya kwenye simu, yenye riba ya kukausha kweli, na marejesho yake ni ya kila wiki, mengine kila siku. Ukichelewa wanakuja kubeba. Televisheni, godoro, jiko la gesi, hata masufuria. Ile ya kwenye simu inawapigia ndugu zako wote walio kwenye orodha ya namba na kuwatangazia kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zinaendeshwa bila kibali na kuzipiga marufuku, lakini mwaka 2022 hayo yalikuwa bado, na mikopo ya mtaani haina programu ya kufungia.

Nikamkalisha, nikamuuliza alikopa kwa ajili ya nini. Nilitegemea kusikia simu au nguo za sherehe. Alikopa kulipa kodi ya chumba, kwa sababu mwenye nyumba anadai tarehe tano na mimi nilikuwa nalipa tarehe tisa. Mwezi wa pili akakopa kwingine kulipia rejesho la kwanza. Yaani ucheleweshaji wangu wa siku tisa, ambao kwangu ulikuwa ni kupumua kidogo, kwake ulishakuwa deni lenye riba. Mimi nilikuwa nimekopa kwa wafanyakazi wangu bila kuwaomba, na riba wakalipa wao.

Mtu wa namna hiyo ukimwambia aipende kazi unamwambia nini? Anafunga mkate huku akihesabu kama wakija leo watachukua godoro au jiko.

Jumamosi ile, zamu ilipoisha saa mbili asubuhi, niliwaomba watu wote wabaki. Pilau haikuwepo. Nilitoka ofisini na kaunta buku, lile daftari kubwa la jalada gumu ambalo hakuna aliyewahi kuliona ndani, nikaliweka juu ya meza ya kukatia donge. Niliogopa kuliko siku niliyokwenda kuomba mkopo benki. Nikawaambia: hii ndiyo hali, angalieni wenyewe.

Kwanza hakuna aliyesogea. Kisha mzee wa tanuri akaomba miwani yangu, kwa sababu yake ilivunjika, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikitembea chini ya mistari. Unga, kiasi kadhaa. Kuni. Hamira. Petroli. Umeme. Alisoma taratibu kama anayesoma barua ya msiba. Akafika katikati ya ukurasa akasimama.

"Na hii M, mwanangu, ni nini?"

M ilikuwepo mara saba mwezi ule. M, elfu sitini. M, laki na nusu. M, elfu arobaini.

"M ni mimi," nikasema.

Dereva mmoja wa bajaji akacheka, akajizuia. Tukaijumlisha pale pale. Zile M zilikuwa ada ya shule, petroli ya gari langu, na mchango wa harusi ya binamu yangu, harusi ambayo hata ukumbi wake sikuupenda. Kwa pamoja zilizidi mishahara ya watu watatu waliokuwa wamesimama mbele yangu. Sikuwa nimeiba, biashara ni yangu. Lakini nilikuwa nimesema "hela hakuna", na kaunta buku ilikuwa inasema hela ilikuwepo, ila ilikuwa na foleni, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya foleni.

Mzee akavua miwani, akanirudishia. "Mficha uchi hazai," akasema, na watu wakacheka kweli sasa, pamoja na mimi.

Kilichotokea baada ya hapo sikukipanga. Walifika kwenye kurasa za mali kauli, wakaanza kubishana. Dereva yule yule aliyecheka akaweka kidole kwenye jina la duka: "Huyu? Huyu aliniambia amekutumia kwa simu, ndiyo maana nikawa namwachia treya." Mwingine: "Na huyu wa Kizuiani juzi kajaza friji la soda jipya, hela anayo." Mimi nilikuwa nawajua wadaiwa wangu kwa majina ya kwenye daftari, wao walikuwa wanawajua kwa sura, kwa mke, kwa siku anayokwenda kuchukua mzigo Kariakoo. Ndani ya wiki mbili walikusanya zaidi ya nusu ya deni lote. Miezi mitatu nilikuwa nimelikalia peke yangu kama kuku aliyelalia mayai viza.

Tulikubaliana mambo machache siku ile na Jumamosi mbili zilizofuata. Siku za kazi zikapungua kutoka sita hadi tano kwa wiki kwa kila mtu, kwa zamu, na malipo yakashuka kwa kiasi hicho. Malipo yakawa kila Jumamosi saa nne, kabla unga mwingine haujanunuliwa. M ikapewa kiwango na ikawekwa mstari wa mwisho. Ada ya shule nikaenda kuongea na mwalimu mkuu tulipe kidogo kidogo. Gari likapumzishwa, nikajifunza upya kupanda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, jambo ambalo ni semina tosha.

Hayo ya kupunguza siku sikuyafanya kwa kutangaza tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka masharti ya kazi yakibadilika mwajiri ashauriane na mfanyakazi na ayaandike upya, na kama anafikiria kupunguza watu, kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa mapema, aweke sababu wazi, na ashauriane nao kwanza juu ya njia za kuepuka hatua hiyo. Nilikuwa nimeisoma sheria hii zamani kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Nilipoisoma tena nikaona vitu nilivyovipita. Inazungumzia malipo kutolewa siku ya malipo iliyokubaliwa, maneno ambayo nilikuwa nayapita kama salamu. Inasema malipo ya awali kabla ya mwisho wa mwezi si mkopo na hayatozwi riba. Na inasema saa za kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi zina nyongeza isiyopungua asilimia tano ya mshahara wa msingi, ambayo, nikiri, kwenye kiwanda cha watu wanaofanya kazi usiku tu, nilikuwa naihesabu kwa kukadiria. Tukairekebisha, hata kwa hali ile. Huwezi kumwomba mtu akuvumilie kwa hela ambayo bado anakudai.

Wajerumani wana mpango wao wanauita Kurzarbeit: kampuni ikikosa kazi inapunguza saa badala ya watu, na mfuko wa umma unamfidia mfanyakazi asilimia 60 ya kipato halisi alichopoteza, 67 kama ana mtoto. Aprili 2020, wakati wa korona, karibu watu milioni sita walikuwa humo. Huwa naufikiria mpango huo nikiwa kwenye daladala. Sisi fidia yetu ilikuwa mikate. Usiku ambao mtu hakuja kazini, asubuhi alipitia mikate miwili na kopo la uji, na mzee akasisitiza iandikwe kwenye daftari ili ionekane ni haki, siyo msaada.

Kwa binti wa kufungasha tulifanya kitu kimoja cha ziada. Alilipwa malipo ya awali, dada wa mauzo akaenda naye kumaliza deni moja lililokuwa kali kuliko yote, wakarudi na karatasi iliyosainiwa. Mengine akayamaliza mwenyewe mpaka mwaka uliofuata. Sikuhutubia mtu kuhusu nidhamu ya fedha. Nani wa kuhutubia, mwenye M saba?

Sasa msije mkadhani banda letu likawa paradiso.

Bajaji moja ililazimika kuuzwa, na dereva wake, yule aliyefichua habari ya duka, ndiye aliyekosa kazi. Tulishauriana, nilimwonyesha hesabu, nikamlipa notisi yake na kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka aliokaa, kwa awamu, kila awamu kwa tarehe yake. Yote kwa haki. Na mpaka leo akipita barabarani hanisalimii. Namwelewa. Uwazi ulimsaidia kujua kwa nini, haukumpa bajaji nyingine. Kijana wa mashine ya slesi naye alihamia kwa mshindani na kumpelekea bei zetu zote, kwa sababu alikuwa amezisoma kwenye meza pamoja na wenzake. Rafiki yangu mwenye hoteli aliponisikia alisema, "Si nilikwambia?" Aliniambia kweli. Bado naona niliuza siri kwa bei nzuri.

Kuna neno linanisumbua katika haya mambo. Matangazo yetu ya kazi yote yanasema "anahitajika kijana mwaminifu", na tunachomaanisha ni asiyeiba. Basi. Kama asipoiba tunaridhika, na kama akiondoka tunasema hana shukrani. Lakini uaminifu ni ndugu wa amana, na amana ni kitu cha mtu kilichoko kwako. Mfanyakazi akishamaliza wiki yake, jasho lake tayari liko kwangu, limeokwa, limeuzwa. Kuanzia hapo anayepimwa uaminifu ni nani?

Mwishoni mwa 2023 ulikuja mgao wa umeme. Mnakumbuka, mpaka mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kutoa megawati 235 Februari 2024, ratiba ya mgao ilikuwa inasomwa kwa makini kuliko ratiba ya mpira. Tanuri letu ni la kuni, halijali. Mashine ya kukandia inajali.

Usiku mmoja wa Novemba umeme ulikatika saa sita, nje ya ratiba, mifuko miwili imeshamwagwa kwenye mashine, maji yameingia, hamira imeingia. Jenereta ikawaka, ikakohoa, ikazima. Nilikuwa nyumbani, nilipigiwa simu saa sita na nusu. Kwa kawaida simu ya saa ile inasema: Mama, tumekwama, tufanyeje? Safari hii ilikuwa dada wa mauzo: "Mama, tunakanda kwa mkono, ila tunaomba ruhusa, slesi hazitakuwepo. Tuoke boflo?"

Nilifika saa nane. Taa za simu zilikuwa zimening'inizwa kwenye misumari ya kutundikia aproni. Donge lilikuwa limetolewa kwenye mashine na kugawanywa kwenye meza na kwenye mabeseni mawili ya kufulia yaliyosuguliwa. Walikuwa watu saba, na wawili kati yao usiku ule haukuwa zamu yao. Walikuwa wameitwa kwa simu na wenzao, wakaja kwa miguu. Binti wa kufungasha, mikono mpaka kwenye viwiko ndani ya unga, alikuwa anavuta kipande mbele ya tochi na kukiangalia kama fundi wa donge alivyokuwa anafanya. "Bado," akasema. Hakuna aliyenigeukia. Nikavua saa, nikanawa, nikatafuta nafasi kwenye meza.

Boflo zile zilitoka ngumu kiasi na za ukubwa tofauti tofauti. Kwa Mangi zilinunuliwa zote, kwa sababu asubuhi ile hakuna aliyekuwa na mkate. Saa za wale wawili ziliandikwa kama saa za ziada, na mzee akahakikisha zimeandikwa kwa mara moja na nusu kabla hajakwenda kulala.

Nikiulizwa kwa nini walikuja, sina jibu la kuandika kwenye bango. Nadhani walijua Jumamosi inategemea nini. Walikuwa wamesoma ukurasa wenyewe.

Swali gumu kuliko yote aliliuliza dada wa mauzo, na aliliuliza mapema kabisa, ile Jumamosi ya kwanza, wakati kila mtu ameshaanza kuondoka. "Mama, leo umefungua daftari kwa sababu hakuna kitu. Kikiwepo utafungua?" Nikamwambia nitafungua, kwa haraka ile ya mtu anayeahidi kitu cha mbali.

Kilikuja mwaka 2024. Unga ulikuwa umetulia, umeme umerudi, tukafika mifuko saba, kisha minane, na Desemba, na skonzi za sikukuu, tukafika tisa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule nilikaa ofisini na kaunta buku kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili na nusu chini ya ukurasa kulikuwa na namba ambayo nisingependa mtu aione. Nilishapanga mambo yake. Kulikuwa na gari la kutengeneza. Nikajiambia wanalipwa kila wiki, siku sita zimerudi, mshahara umepanda kidogo, nini zaidi? Na hivi kuna kiwanda gani Mbagala kinachoonyesha faida yake kwa wapakiaji?

Saa nne ilipita kwa dakika tano. Sikusikia mtu akiulizia.

Nilipotoka meza ya kukatia donge ilikuwa imeshafutwa, na maji yalikuwa bado hayajakauka kwenye kona. Walikuwa wamekaa kwenye ndoo na mifuko mitupu, wanaongea habari zao. Mzee alikuwa ameweka kigoda pale ninapokaaga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja na miwani?"